Wavu Usio na Fundo

Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa kinene kuliko cha kulia, na kwenye shingo ya kidole hicho palikuwa na mfereji, kama ule unaobaki pete ya miaka mingi ikivuliwa. Mfereji huo ulichimbwa na nyuzi. Alikuwa fundi wa kuziba nyavu, na kazi yake aliifanya ameketi chini, mguu wa kushoto umenyooka mbele, wavu umenaswa kwenye kidole hicho ili ukae umekazwa, mikono yote miwili ikibaki huru kwa sindano ya mbao na kisu kidogo. Mguu wa kulia aliukunja tu pembeni. Nilimuuliza siku moja kwa nini haibadilishi zamu miguu yake. Alisema wa kulia ni mjinga, haujasoma.

Tulimwita Fundi, basi. Jina lake nalijua kwa sababu limeandikwa kwenye faili la hospitali ambalo nimelibeba mimi mara nyingi kuliko yeye, lakini sijawahi kulitamka, na nikilitamka hapa nitahisi nazungumzia mtu mwingine. Tumepanga nyumba moja Mabatini kwa miaka kumi na moja, vyumba vyetu vinatazamana uani. Asubuhi yeye alikwenda kupanda kivuko cha Kamanga, akakae mwaloni, ufukweni wanakoshukia wavuvi, na kiroba chake cha nyavu. Mimi nilikwenda shuleni kufundisha sayansi darasa la sita. Jioni tulirudi wote tumechoka, na hapo ndipo mahojiano yalipoanza.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mwarimu. Leo umewadanganya nini watoto wa watu?"

Ni Mkerewe, na r na l kwake ni ndugu. Swali hilo aliniuliza kila siku ya kazi, na halikuwa mzaha mtupu. Alitaka kweli kujua. Nikimwambia nimefundisha kuchemka kwa maji, aliuliza kama maji ya ziwani na ya kisimani yanachemka sawasawa, na kama nimepima. Nikisema kitabu kimesema, alicheka mpaka akakohoa. "Kitabu kimechemsha maji?" Kuna jioni tuliinjika sufuria mbili uani kwa ajili ya ubishi huo, mwenye nyumba akatoka kutuuliza kama tuna akili timamu.

Siku niliyofundisha mzunguko wa damu alinisumbua kuliko siku zote. Nilimchorea moyo kwa mkaa sakafuni.

"Moyo unasukuma, damu inashuka mpaka kidoleni," akasema. "Hapo sina ugomvi, kila kitu hushuka. Sasa kupanda? Nani anaivuta?"

"Moyo."

"Moyo huohuo unasukuma na kuvuta?"

Nikamweleza habari za vali, zile zilizomo ndani ya vena zinazozuia damu isirudi chini. Akasema mlango haumvuti mtu, unamzuia tu kutoka. Nikaahidi kwamba nitakwenda kusoma. Sikusoma. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na swali lenyewe nililiona la mzee mbishi.

Na kweli alikuwa mbishi, tena kwa watu wote. Wavuvi wa Kamanga walimheshimu na kumchoka kwa wakati mmoja. Alikataa kabisa kuziba kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hata samaki wachanga, au wavu wowote wa macho madogo. Alikuwa na kipimo chake: aliingiza vidole kwenye jicho la wavu, na visipopita kwa nafasi, aliukunja akamrudishia mwenyewe bila neno. Wengine walimtukana. Yeye alishika kiroba kingine. Lakini mtu huyohuyo, jioni akipita sokoni, alinunua sato wa kukaanga wadogo kama vidole vya mtoto, akawala na miiba yao. Nilimkamata mara moja mdomo umejaa, nikamuuliza imekuwaje.

"Hawa wameshakufa, Mwarimu. Nikiwaacha watafufuka?"

Alipenda kunitania kwa Usukuma wangu. Mimi ni wa Misungwi, na kwake hilo lilimaanisha kwamba maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Mtu wa aina hiyo angejua nini habari za nyavu? Hata hivyo siku za likizo alinichukua, nikakaa pembeni yake mwaloni saa nzima nzima nikimtazama, na nakiri sijawahi kuona mikono yenye akili kama ile. Ilikuwa inaongea na uzi huku mdomo unaongea na mimi, na hakuna aliyemkosesha mwenzake.

Pale ndipo nilipoijua sheria yake. Kidole kikishanaswa wavu, hakinasuliwi mpaka tundu lizibwe. Mafundi wengine wa pale nao wanaishika mila hiyo, wanasema anayeinuka na tundu wazi amemfungulia samaki mlango wa nyumba ya mwenzake. Ila wenzake wanaishika kwa kiasi. Haja ikiwabana sana, watanasua, watakwenda zao vichakani, watarudi. Fundi hapana. Tundu lililoraruliwa na mamba laweza kuchukua saa tano, na saa tano hizo hakuinuka. Na ili haja isimwinue, hakunywa. Toka asubuhi mpaka jua la utosi hakugusa tone la maji, na ziwa zima liko mbele ya macho yake. "Kwenye tundu hapiti samaki mmoja," alisema nikimsihi, akimaanisha kwamba uzembe mdogo hauna udogo. Mimi mwalimu wa sayansi nilimsihi kwa ajili ya figo. Miguu haikunijia akilini.

Mwaka juzi mvua zilipoisha, alikuwa na wiki mbili za nyavu zilizochakaa mno, na mwisho wa wiki ya pili mguu ule wa kushoto ukaanza kuvimba.

Sasa tazama alichofanya. Badala ya kwenda hospitali, aliukata uzi wa kushonea, akauzungusha kwenye shavu la mguu, akafunga fundo pale ulipokutana. Ilikuwa Jumatatu. Jumanne akazungusha tena, uzi ukawa hautoshi, akafunga fundo la pili mbele ya la kwanza. Jumatano la tatu. Alifurahi, nadhani, alikuwa amepata kitu cha kupima. Mwenye nyumba alipoona mguu alishika mdomo, akasema Fundi amekanyaga kitu, ametegewa uchawi na watu wa kokoro. Fundi hakukasirika. Alikaa akakumbuka njia zote alizopita tangu Ijumaa, kutoka mlangoni mpaka kivukoni na kurudi, kisha akatoa hukumu kwamba haiwezekani, maana kila penye mlango na kila penye daraja yeye hutanguliza mguu wa kulia. "Kama ni mtego, ungemnasa yule mjinga."

Na mimi? Mama yangu alikuwa ameniletea samli kutoka Misungwi. Kwetu mguu ukivimba huchuliwa kwa maji ya moto na samli, na nimeona ng'ombe na watu wakipona hivyo. Jioni tatu mfululizo niliketi uani, mguu wa Fundi mapajani mwangu, nikauchua kutoka kwenye kifundo kuelekea juu, kwa nguvu zangu zote. Alikuwa akiuma meno na kuniambia niongeze.

Ijumaa asubuhi hakutoka chumbani. Nilimkuta kalala chali, mguu mzima umejaa mpaka kwenye kinena, ngozi imekazika inang'aa, na rangi yake imekuwa ya zambarau. Nilipougusa alipiga kelele. Uzi ulikuwa na mafundo matano. Niliita bajaji.

Bahati, kama ni bahati, wiki ile palikuwa na kambi ya madaktari bingwa katika hospitali kubwa ya mjini. Tulipelekwa kwa daktari wa mishipa ya damu, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya. Alimpima kwa mashine ya ultrasaundi, akawa anabonyeza paja na kutazama kioo, anabonyeza na kutazama. Akatuonyesha. Mshipa mzima ukibonyezwa hulala bapa. Wa Fundi haukulala, umejaa damu iliyoganda, kutoka chini ya goti mpaka juu tumboni kusikoonekana.

"Mzee wangu, mguu huu uko kwenye hatari ya kufa," alisema, hakuzungusha maneno. "Na bonge likikatika likapanda mapafuni, unaweza kuondoka huku tunaongea. Kuna mtu ameuchua?"

Nilitazama sakafu. Nimesimama mbele ya madarasa kwa miaka ishirini, sijawahi kuona aibu kama ile. Nikasema, "Mimi, daktari. Mwalimu mzima. Siku tatu."

"Usirudie. Na wanafunzi wako waambie."

"Msamehe, daktari," Fundi akasema kutoka kitandani, jasho linamtiririka. "Kitabu chake kilikuwa hakijafika ukurasa huo."

Watu walicheka, mimi nilitoka nje ya mlango nikajifuta macho. Tangu siku hiyo hakuwahi kunitajia tena habari ya samli, hata kwa utani, na yeye ni mtu asiyeachia utani upite.

Niliporudi ndani alikuwa ametoa uzi mfukoni anamsomea daktari mafundo yake, hili Jumatatu, hili Jumanne. Daktari aliunyoosha kitandani, akapima kwa futi nafasi kati ya fundo na fundo, akaandika kwenye faili. Alisema hajawahi kuletewa historia ya mgonjwa kwenye kamba. Ila akamwambia kwamba amepima mkia. Shida yenyewe iko juu, kwenye nyonga, mahali ambapo ateri ya upande wa kulia inapita juu ya vena ya upande wa kushoto na kuibana kwenye uti wa mgongo. Kuna watu wameumbwa hivyo, wanaishi miaka yote hawajui. Kukaa kwake bila kunyanyuka, tena bila maji, kumemalizia kazi.

Hapo ndipo Fundi, na maumivu yake yote, akauliza lile swali lake.

"Damu ya mguuni, daktari. Nani anaivuta kupanda?"

"Hakuna anayeivuta, mzee wangu. Inakamuliwa. Ukitembea, misuli ya shavu la mguu inaubana mshipa, damu inapanda. Kama mtu anayekamua maziwa, ila anakamua kwenda juu."

Akafumba macho. Nilidhani maumivu yamezidi. "Kwa hiyo nikikaa," akasema taratibu, "hakuna anayekamua."

"Hakuna."

"Umesikia, Mwarimu?"

Nilikuwa nimesikia.

Walimchoma sindano za tumboni za kuzuia damu isiendelee kuganda, lakini siku mbili zilipita na mguu haukushuka vya kutosha. Daktari akasema dawa peke yake haitaweza, bonge ni refu na njia ya juu imebanwa. Alitaka kuingia kwa mrija mwembamba nyuma ya goti, aifyonze damu iliyoganda, kisha pale palipobanwa aweke stenti, kimrija cha chuma kitakachobaki humo maisha yake yote. Kambi ilikuwa imebakiza siku mbili. Kilichotakiwa ni sahihi ya Fundi, na Fundi hakuweka.

Binti yake alipiga simu kutoka Nansio analia. Mwenye nyumba alikuja kumwombea. Mimi nilimwambia kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia kwa mtu wa umri wake kwamba asipokubali atakatwa mguu, kama hatakufa, na nyavu atazishonea wapi? Wote tulidhani anaogopa. Alisubiri tumalize, akasema anataka kukiona hicho kitu kwanza. Yeye hawekewi kitu kwenye njia bila kujua macho yake ni ya inchi ngapi.

Daktari alicheka, lakini alikwenda akarudi na moja ya mfano, ndefu kama kidole cha shahada. Mkononi mwa Fundi ilikuwa wavu. Nyuzi za chuma nyembamba zimepishana, macho madogo madogo, mviringo. Aliibonyeza, ikajikunja, akaiachia, ikaruka ikarudi wazi. Akarudia hivyo mara nyingi. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia ndani yake kama anachungulia mtutu wa bunduki. Akajaribu kupitisha kucha kwenye jicho moja, haikupita, akakunja uso. Nilijua anachowaza na nikaomba asiirudishe.

"Hii ingekuwa yangu ningekataa," akasema. "Macho madogo. Itashika kutu?"

"Haishiki."

"Ikipasuka nani anaziba?"

"Haivui samaki, mzee wangu. Kazi yake ni kusimama tu, njia isizibe."

Fundi alikuwa anaizungusha chini ya kidole gumba cha mkono, anatafuta kitu. "Haina fundo," akasema mwishowe, kwa mshangao wa kweli. "Hata moja. Imefumwaje?"

Daktari akamweleza kwamba haikufumwa. Ni bomba moja la chuma lililokatwa kwa mwanga mkali mpaka likabaki wavu. Fundi aliudhika waziwazi. Basi huo si wavu, akasema, ni bomba lililotobolewa, na mtu aliyelitengeneza hajui kazi ya kufuma. Kisha akaomba kalamu. Nilimuuliza baadaye ni nini kilimfanya akubali. Alisema nyavu zote alizoshika maishani mwake kazi yake ilikuwa ni kukamata, na alitaka kuona hii inayoachia itaishia wapi.

Walimlaza kifudifudi, wakamtia ganzi nyuma ya goti, na alikuwa macho karibu muda wote. Alinisimulia mpaka nikaijua kwa moyo: jinsi alivyosikia mgongo unasukumwa kwa ndani, maumivu ya kiunoni, halafu joto likashuka mguuni kama mtu amefungua maji. Daktari alimwonyesha kilichofyonzwa, kiko kwenye bakuli. Alisema kilifanana na maini ya sangara. Siku ya tatu alisimama. Ngozi ya mguu ilikuwa imeanza kujikunja, na nilifurahi kuiona mikunjo ile kuliko nilivyowahi kufurahia matokeo ya mtihani.

Nyumbani alikuwa na mambo mawili yasiyopatana. Wavu wake alijisifia kwa kila mtu. Kwenye kivuko abiria wasiomjua walisimuliwa habari ya nyonga yake, na wengine waliulizwa kama wanajua nani anakamua damu. Lakini soksi ndefu ya kubana aliyoagizwa kuvaa aliificha kama mtu aliyeiba, kwa sababu alisema ni ya kike. Aliivaa gizani, akashusha suruali mpaka chini, na hakuna mtu wa Kamanga aliyewahi kuiona.

Mwaloni aliweka jiwe dogo mbele ya kivuli cha mlingoti wa bendera. Kivuli kikilifikia, ananasua kidole, anainuka, anatembea mpaka kivukoni na kurudi, tundu likiwa wazi. Wenzake walimtania mwezi mzima. Hilo alilivumilia. Lililomshinda ni vidonge. Alitakiwa kumeza kila siku vidonge vya kuzuia damu kuganda, na mtu anayemeza hivyo akijikata, damu haikatiki upesi. Fundi alijikata na kisu chake karibu kila wiki. Siku moja alitia damu wavu mpya wa mtu, na akaona aibu ya fundi, ambayo ni mbaya kuliko maumivu.

Akaacha kumeza. Hakuniambia. Mwezi uliopita nilimwona anapanda ngazi ya uani kwa kutanguliza kiganja ukutani, na nikamuuliza. Alisema mguu umekuwa mzito. Nikauliza tangu lini. Akanitazama. Kisha akasema, "Siku kumi na sita sijameza, Mwarimu."

Nilimfokea. Sitaandika niliyosema. Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikaenda naye hospitalini kwa bajaji. Kama stenti imeziba, yote yale yanaanza upya, na huenda safari hii mguu hauponi. Sote wawili tulilijua hilo.

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa cha binti mmoja mpole, kijana kuliko mwanangu. Alimpaka Fundi mafuta ya baridi kwenye kinena na tumboni, akaanza kutafuta. Alitafuta kwa muda mrefu. Fundi alikuwa ametazama dari, mikono ameibana kifuani, nikajua anaogopa, na kwamba hata wakati ule wa mwanzo alikuwa anaogopa, ila alikuwa na kitu cha kushika mkononi.

"Nauona mshipa," yule binti akasema. "Ngoja nisikie."

Akabonyeza kitufe. Chumbani ikaingia sauti ambayo sikuitegemea, nzito, kama upepo unaopita chini ya mlango, inajaa na kupungua kwa kufuata pumzi za Fundi. Akivuta pumzi, inapungua, akitoa, inajaa.

"Ni nini hiyo?" akanong'ona.

"Damu yako, babu. Inapita kwenye stenti. Iko wazi. Chini huku kuna kipande kidogo kimeanza kuganda, ndicho kinachokuletea uzito, lakini dawa zitakiwahi ukimeza. Leo, babu. Si kesho." Akanyoosha mkono kuzima.

"Usizime."

"Kuna wagonjwa wengine nje, babu."

"Najua, mwanangu. Kidogo tu." Machozi yalikuwa yanamshuka pembeni mwa macho yakiingia masikioni, na hakuyafuta. "Miaka miwili hii habari za mguu wangu naletewa na watu. Leo acha mguu uniambie wenyewe."

Yule binti alitazama mlango, akanitazama mimi, halafu akaongeza sauti.